Mlima Niliokuongezea

Kawira,

Salamu nitakupa mwishoni, kama bado utazitaka kutoka kwangu. Kwanza nikuambie nilichofanya, maana kesho nitakisema mbele ya kanisa lenu lote na sitaki wewe uwe wa mwisho kujua.

Nimeiharibu picha yako. Ile ya Kianjokoma, ya mwisho.

Niko dukani. Mlango nimeufunga nusu ili wateja wadhani nimetoka. Vumbi la mbao ni lile lile, fremu zimening'inia pale pale, na kiti cha plastiki ulichokuwa ukikalia ukinihimiza nifunge twende bado kiko karibu na meza ya kukatia vioo. Watu wakitaka kukikalia nawaambia kina mguu mbovu. Nyumba yako pale mtaa wa Majimbo ina mpangaji mwingine, ameweka mapazia ya kijani kibichi ambayo ungeyasema wiki nzima. Mimi siku hizi napita njia ya nyuma nikienda kwangu. Jumamosi sitembei tena kwenda kuchora. Brashi zangu zimekauka zikawa ngumu, na sikuziosha.

Nianze na siku yenyewe. Unaijua kuliko mimi, lakini niache niiseme, nataka nijisikie nikiisema bila kuipamba.

Tulishuka sokoni Kianjokoma asubuhi, tukapanda kwa miguu kati ya mashamba ya majani chai. Ulibeba mkoba wa rangi, mimi nikabeba chai, maji kwenye chupa ya soda na ule ubao niliokukatia wa kubandikia karatasi. Ulikuwa ukisimama kila tukipanda kidogo. Ulisema unatazama rangi za bonde. Nami nikakutania kwamba karani wa ofisi amezoea kiti, hawezi kilima. Sikujua kwamba ni moyo, Kawira. Wewe ulijua?

Tukakaa pale msitu unapoanza. Ukachora majani chai, ukachora mikaratusi, ukachora lile paa la mabati la kituo cha kuuzia majani chai, likiwa limelowa umande. Juu ya msitu ukaacha karatasi nyeupe, tupu, nafasi ya mlima. Tukangoja. Wingu likakaa pale kama mgeni asiyeaga. Tukanywa chai yote, tukala mahindi ya kuchoma, mchana ukafika, mlima hakuna. Nikakwambia uuweke tu, kila mtu anajua ulipo, hauhami. Ukanitazama vile ulivyokuwa ukimtazama mtu anayetaka kupita foleni ofisini kwenu.

"Sijauona, Wambeti. Sasa nitauchora kwa macho ya nani?"

Ukachukua penseli, ukaandika jina lako pembeni chini, ukasema imeisha. Nilikusikia vizuri sana. Hilo ndilo neno nisiloweza kulikwepa, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyekusikia ukilisema.

Wiki chache baadaye tulikuwa kwenu, karibu na Nkubu, tukikuzika.

Mama yako alikuja dukani baada ya matanga. Alitoka soko la Gakoromone anakouza ndizi, na gauni lake la kazini, bado lina utomvu wa ndizi, picha ameifunga kwa leso. Alitaka fremu. Akaifungua juu ya meza, akaitazama, akaweka kidole pale penye weupe.

"Hii mtoto wangu hakumaliza," akasema. "Alikosa nguvu."

Nilipaswa kusema pale pale. Mama, hakukosa nguvu, alikosa mlima. Maneno ni machache tu. Lakini alikuwa amesimama ameshika meza, na machozi yalikuwa karibu, na mimi machozi ya mama za watu siyawezi. Akasema tena, akiniita mwanawe kwa Kimeru, "Mwana wakwa, wewe alikufundisha hii kazi. Muwekee hiyo mlima. Hata kidogo tu, isikae hivi kama mtu ameitwa akaacha chakula mezani."

Nikasema sawa, Mama.

Ngoja nikuambie kilichokuwa moyoni, kwa sababu ukinisamehe nataka unisamehe kwa chote, usije ukanisamehe nusu. Huruma ilikuwepo, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Nilitaka mkono wangu uwe kwenye karatasi moja na wako. Miaka yote tumetembea, wewe ndiye uliyekuwa na jicho, mimi nilikuwa fundi wa fremu anayechafua karatasi. Unakumbuka yule mzee wa Runyenjes aliyetujia na panga begani akidhani sisi ni watu wa kupima ardhi? Alikuwa na kesi ya mpaka na ndugu yake, na akiona mtu ameketi ukingoni mwa shamba akichora, kwake huyo ameletwa kuligawa. Mimi nilikuwa nimeshafunga viatu tukimbie. Wewe ukamwita aje aone. Akaona shamba lake, akaona ng'ombe wake, panga akaliweka chini, akaita mpaka mke wake. Kisha akataka umwongezee ng'ombe wa pili, ambaye alikuwa ameuzwa. Ukamwambia, "Mzee, akirudi nitamweka." Alicheka hadi akakohoa. Na ile yangu ya siku hiyo aliitazama akauliza kama huo ni moto umeshika.

Basi nilifunga mlango, nikatoa rangi zako mwenyewe ambazo Mama alinipa, nikauchora mlima. Na kwa kuwa siku hiyo hatukuuona, niliuangalia wapi? Kwenye kalenda. Hii hapa ukutani, ya duka la vifaa vya ujenzi. Picha za kalenda wapiga picha wanazipiga kule upande wa Nanyuki, ng'ambo ya pili ya mlima, hata mtoto wa darasa la nne wa huku anajua vilele havikai hivyo ukivitazama kutoka kwetu. Mimi, Mwembu niliyezaliwa huku chini ya mlima, sikufikiri. Nilinakili theluji ya kalenda, na kivuli cha kalenda, jua likitoka upande ambao kwenye majani chai yako halikuwepo.

Ulitoka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ndio mlima mzuri kuliko chochote nilichowahi kuchora.

Nikaiwekea picha kioo, nikaipeleka mwenyewe hadi kwenu. Nikamwambia Mama kwamba nimefuata tu mistari ya penseli niliyokuta umeiacha pale penye weupe. Mama akaitundika sebuleni, juu ya kochi la vitambaa vyeupe, akaita majirani. Wakaja, wakasimama mikono nyuma. Wote walitazama juu. Hakuna aliyeona majani chai, hakuna aliyeona lile paa lililolowa ulilolihangaikia mpaka ukakunja uso. Mjomba wako akasema, "Lakini hii mlima, Kawira alikuwa na kipaji." Na mimi nikafurahi. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi, nikafurahi moyoni. Nikiikumbuka furaha hiyo usiniulize usingizi unaenda wapi.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwongo wa kawaida. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Embu ikafika hadi madhabahuni.

Mama alinialika kwenye ibada ya shukrani. Alipopewa nafasi ya kushuhudia, akasimama na picha, akaiinua juu kwa mikono miwili. Alisema kwa Kimeru, nacho na Kiembu ni ndugu, nikaelewa kila neno, bahati mbaya yangu. Alisema ameutazama mlima ule tangu azaliwe, akiwa kisimani, akiwa shambani, akienda sokoni. Akasema alipoiona picha imekamilika alishangaa, kwa sababu vilele vimekaa visivyo. Alikaa na swali hilo. Kisha akajibiwa katika maombi. Mtoto wake, alisema, alikuwa anakaribia kuondoka, na Mungu akamwonyesha mlima kwa upande ule sisi tuliobaki hatuuoni.

Kanisa lilisema amina. Mama mmoja mbele yangu alilia kwa sauti. Na mimi, Kawira, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la tatu, nikiijua kalenda ile kwa jina la duka lililoitoa, nikasema amina pamoja nao.

Tangu siku hiyo simu ya Mama nilikuwa naiangalia ikilia hadi inyamaze. Alikuwa anapiga Jumapili jioni, saa zile ulizokuwa ukimpigia wewe. Nadhani ndiyo maana alipiga. Nilimnyima hata hilo, nikajiambia nina kazi nyingi. Mtu mwenye hatia hupata kazi nyingi.

Juzi nikaenda. Hakuna ndoto niliyoota wala mhubiri aliyenigusa, usinisifu. Aliingia tu mteja na picha ya marehemu babake, akaniuliza kama naweza kuitengeneza aonekane anatabasamu. Nikamwambia hapana, kwa ukali ambao hakuustahili. Akatoka amenuna. Nikafunga duka nikapanda gari la Meru.

Nilimkuta Gakoromone kwenye kibanda chake, anapanga mikungu. Alinifurahia. Akanipa debe nikalie. Akaniuliza nimekula. Nikasema yote nikiwa nimeinama, nikitazama maganda chini, wanunuzi wakipita wakiuliza bei na yeye hawajibu. Nilisema siku ile wingu halikuondoka. Nilisema wewe uliandika jina ukasema imeisha. Nilisema hakukuwa na mistari yoyote ya penseli, mlima ni wangu, na ni wa kalenda.

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliuliza kitu kimoja, "Inaweza kutoka?"

Nikamweleza kwamba rangi ya maji ukiilowesha tena unaweza kuipunguza kwa kitambaa, lakini karatasi itachubuka, na alama itabaki, weupe ule wa kwanza haurudi.

"Basi haitoki," akasema.

Akakaa. Mwanamume mmoja akaja kuuliza ndizi, jirani yake wa kibanda akamhudumia. Kisha Mama akasema, polepole, kwa Kiswahili, ili pasiwe na neno nitakalosema sikulielewa: "Mimi nilisimama nikasema kitu si ya kweli, na sikujua. Wewe ulijua na ulikaa. Hii Jumapili utasimama wewe."

Nikasema ndiyo, Mama. Nikafikiri yameisha, nikainuka. Akanishika mkono, si kwa upole.

"Keti. Hiyo siku, mtoto wangu alikuwa aje?"

Kawira, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Tulimletea picha, tulimletea mlima, tulimletea amina, na siku yenyewe hakuna aliyempa. Nikamwambia. Alitaka kujua ulivaa nini, nikasema ile sweta ya kahawia. Alitaka kujua kama ulikula, nikasema mahindi, na ulinimalizia langu. Alitaka kujua kama ulihema, nikamwambia ukweli, kwamba ulikuwa unasimama na mimi nikakucheka. Hapo akafumba macho kidogo. Nikamwambia ulivyolowesha karatasi, ulivyoinama hadi pua ikapakwa kijani, na mimi sikukwambia, ukashuka nayo hadi sokoni.

"Alikuwa na furaha?"

Nikasema alikuwa na furaha, Mama.

"Bila mlima?"

"Bila mlima."

Ndipo akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi, alikuwa amekuwa mgumu kwa ajili ya watu. Alilia pale kati ya ndizi, ameshika mkono wangu bado, na sikujua kama ananishikilia au ananizuia nisitoroke. Vyovyote vile, nilistahili.

Kwa hivyo kesho asubuhi naenda kwenu. Nimeshapiga pasi nguo. Naogopa, siwezi kukuficha. Mjomba wako atakuwepo, na yule mama aliyelia mbele yangu atakuwepo, na sijui nitamtazama kwa uso gani mtu niliyemliza kwa uongo. Huenda Mama hatanipigia simu tena baada ya kesho, na hilo nitalibeba. Nitakuwa nikimpigia mimi, kila Jumapili jioni, asiposhika nitapiga inayofuata. Hiyo ni ahadi, na wewe ndiye shahidi.

Brashi nimeziloweka asubuhi hii. Sijui kama zitalainika.

Sasa salamu. Nakusalimu, rafiki yangu, kwa aibu yote niliyonayo. Pumzika. Uliona ulichokiona na kilikutosha, na mimi ndiye niliyedhani hakitoshi.

Mama amesema ataileta picha kanisani yeye mwenyewe, na aishike mbele yao kama alivyoishika siku ile. Sitasema mengi. Nitasimama kando yake, niweke kidole pale miti inapokoma, niwaambie: mkono wa Kawira unaishia hapa. Kutoka hapa kwenda juu ni mimi.

Wambeti