Aliyehesabu Madoa ya Jua

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kaloleni. Chai ya rangi, kompyuta, madaftari ya Baba. Mizunguko mitatu ya jua, kila mmoja miaka kumi na moja hivi. Nalinganisha madoa aliyohesabu na orodha ya milipuko ya jua iliyonaswa na setilaiti. Mzunguko wa kwanza na wa tatu inakubaliana. Wa kati umegoma: madoa yamezidi, milipuko haijaongezeka. Msimamizi wangu anasema huenda nimegundua tabia mpya ya jua. Tasnifu inatakiwa wiki ijayo. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimerudia hesabu mara nne. Jibu lile lile. Halafu nimekumbuka. Miaka ile Baba alikuwa akifundisha Singida. Likizo ndipo alirudi, na madumu ya asali. Lakini kila ukurasa umeandikwa "nyumbani", na jina lake chini. Nimekula asali ile miaka yote na sikuwahi kujiuliza. Kama namba ni za kupika, shahada yangu imekwisha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepanda nyumbani, juu ya Tengeru. Shikamoo, marahaba, kisha nikauliza. Baba kanuna. Kasema darubini ni yake, na aliyechora alifuata maelekezo yake.

Aliyechora ni Mama. Miaka kumi na miwili! Akishakamua na kuwakatia ng'ombe majani, anaitega darubini, anachora picha ya jua inayoangukia kwenye karatasi, anahesabu madoa. Baba akija likizo anasaini rundo zima. Mwalimu mzima. Nina hasira mpaka mwandiko wangu hausomeki.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mhesabuji anapobadilika, wa zamani na mpya huhesabu pamoja kwanza, ijulikane jicho la nani linaona nini. Baba alijua. Hakufanya, maana angelazimika kumtaja Mama.

Leo nimewaweka uani, kila mmoja na karatasi yake, jua moja. Baba kumi na moja. Mama kumi na saba. Ya ziada ni vitone vidogo, vile ambavyo havilipuki. Basi, jua halikuwa na tabia mpya. Ugunduzi umekufa.

Baba kasema karatasi ya Mama imechafuka. Nimemjibu vibaya. Sijaomba radhi na siombi.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya ibada nimekaa kufuta jina la Baba na kuandika la Mama, ukurasa kwa ukurasa. Elipendo. Elipendo. Mama anamenya ndizi. Baba kapita mara mbili.

Kuanzia Machi 2000 kuna wiki sita tupu. Hakuna hata doa moja, na kila ukurasa una saini ya Baba. Nimemuuliza Mama niandike nini hapo, mawingu? Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa ndani, nanyweshwa mtori. Ulikuwa umezaliwa wewe. Andika hakuna aliyehesabu."

Nimeandika hivyo.