Harufu Iliyopotea Kisiwani

Ushirombo, Jumapili jioni

Mdogo wangu Agapiti,

Marahaba. Umeniandikia: "Dada, mwanzoni visima vya mvuke hapa mtamboni vilinuka mayai mabovu. Sasa hatusikii chochote, hewa imekuwa safi." Si kweli! Pua yako inakudanganya. Nimesoma kila nilichopata kuhusu umeme wa volkano. Gesi ile yenye harufu ya mayai mabovu ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa, kisha humuua mtu.

Mama hajambo. Ng'ombe wa jirani wamekula mihogo yetu, nimemgombeza jirani huyo mpaka akajifungia ndani. Umeme ukikatika Mama huuliza, "Huu wa Agapiti utafika lini?" Namwambia kisiwa chenu kiko mbali mno. Sijamwambia kwamba mnashuka kwenye shimo la valvu, zile koki za mabomba ya mvuke, bila kipimo cha gesi.

Baba alichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kule Bulyanhulu, na kila asubuhi alishusha kwanza mshumaa kwa kamba, ukizimika anajua hewa ni mbaya, haingii. Siku moja wenzake walimcheka: "Mzee Tarsisi, bado unaogopa hewa?" Akaingia bila mshumaa. Wewe ndiye uliyeshika kamba tulipoutoa mwili wake.

Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu ikufikie kabla ya zamu, maana nikikupigia unanikatiza. Usiniambie bosi amesema pako salama. Bosi hashuki.

Wewe na wenzako Samwel na Adam: kesho kaeni juu ya shimo, mkatae kushuka mpaka kipimo kiletwe. Wakiwafukuza kazi, njooni nyumbani wote watatu.

Dada yako,
Epifania