Ngwe Isiyo na Mwisho

Shamba la mkonge, huku Kibaha

Kwa ndugu yangu Shomari, Maneromango.

Mdogo wangu, pokea salamu nyingi. Mwili wangu mzima, ila roho imechafuka. Goti la mama limepoa? Mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma.

Niliahidi kufika kabla ya Ijumaa ya ndoa ya binti yangu Mwanahawa. Sasa sikiliza. Tumeletewa msimamizi mpya, Mzungu kijana, soksi zimefika magotini na akili haifiki hata kifundoni. Unajua mimi ni nyapara. Kila asubuhi nilikuwa nawapimia watu ngwe za palizi kwa kamba. Mtu anauona mwisho wake, analima, adhuhuri haijaadhiniwa yuko kwake. Huyu bwana kaona watu wamelala mchana, kaitupa kamba. Ati ngwe ni za wavivu, sasa kila mtu alime mpaka kazi iishe.

Nikamwuliza, "Iishie wapi, bwana?"

"Iishe yote."

Palizi iishe yote, na masika haya. Nyasi unazikata leo, keshokutwa zimeota. Siku ya kwanza watu walilima mpaka jua likazama, na hakuna aliyetiwa alama ya siku kwenye kipande, ile kadi yake ya kazi, maana ati kazi haijaisha. Siku ya pili wakaegemea majembe. Mtu asiyeonyeshwa mwisho akimbilie nini? Bwana akafoka, "Ongezeni bidii!" Nikamwuliza bidii ni hatua ngapi, nikawapimie. Akanitazama kama mbuzi aliyesomewa barua.

Basi ruhusa yangu kaizuia mpaka shamba zima liwe jeupe. Nikitoroka nitafungwa. Sijapata kumdharau mtu namna hii, Shomari, na mtu huyohuyo ndiye kanishika.

Kwa hiyo msiningoje. Kwa barua hii nakupa uwakala, umwozeshe Mwanahawa badala yangu. Wasomee mashahidi maneno haya, na shehe ayasikie.

Nisalimie mke wangu, asininunie. Nisalimie shangazi yetu mpishi, na mkwe wangu mtarajiwa, mwambie nimemkubali kwa moyo mweupe.

Mwanahawa usimsomee yote. Mwambie nimeshikwa na homa. Naona haya mwanangu ajue kuwa nimekosa ndoa yake kwa ajili ya palizi.

Ni mimi kaka yako,
Omari