Mtia Kuni wa Konza

Jumanne, Septemba 3, 2024

Mzungu amekuja tena ndotoni. Anatembea juu ya reli kule Konza, kuni begani, nyasi zinapita miguuni kwake kama maji. Ananukia grisi na moshi. Nimeamka nikidhani ni jiko langu — kumbe majivu, baridi.

Huyo ni babu yangu. Alimzaa baba yangu Nzau, akapotea. Watu walimwita Mwangangi kwa vile alizurura na reli. Jina lake la kweli hakuna aliyeuliza. Watu wa zamani nao! Mtu anakula kwako, anakuachia mtoto wa macho ya paka, na humuulizi jina?

Kitukuu changu analia tu. Tulimpa jina la baba yangu, akakunja ngumi akalia. Ziwa anashika, anatema. Dispensari wanasema hana ugonjwa. Amekuwa mwepesi kama kifaranga.

Alhamisi, Septemba 5

Kaluki jirani ameleta uji wa mzazi. Amesikiliza kile kilio, akasema huyu si Nzau, kuna mwingine anataka kuitwa. Kama sijui! Tumewaita wazee wetu mmoja mmoja, sikioni. Musili. Muema. Hata Mwangangi. Wapi! Hilo ni jina la utani, nani atanyamazia utani?

Mueni, mjukuu wangu, ndiye mama wa mtoto. Baba wa mtoto ni wa huko viwandani Mavoko, hata kuja kuona hajakuja. Ndiyo maana jina linatoka kwetu. Nimemgombeza mpaka nimechoka: hapa hakuna mtoto wa kuokota njiani! Anafunga leso tu.

Jumamosi, Septemba 7

Makubwa! Yale mate Mueni alituma majuu kupimwa ukoo akiwa na mimba yamejibu. Kuna bibi huko Uingereza, damu yetu moja. Wameandikiana kwa simu. Bibi anasema nyanya ya mama yake alikuwa anafulia watu nguo. Alikuwa na vijana wawili, wote wakaja Afrika kazi ya reli. Hakuna aliyerudi. Walter alikuwa msimamizi. Albert alikuwa anatia kuni kwa injini. Wetu ni yupi? Hajui. Damu haisemi.

— Ni Walter, nikasema.

— Susu, umejuaje? Mueni akaniuliza, mimi nyanya yake.

— Nimejua! Miaka yote nimewaambia akina mama wa kanisa babu yangu alikuwa mkubwa wa reli.

Akacheka kidogo. Halafu akasema polepole, Walter alikuwa na baba. Albert, baba yake hajulikani.

Basi. Walter.

Jumapili, Septemba 8

Nimemwita baada ya kanisa, Kaluki na wenzake wakinywa chai. Walter! Walter! Wuui! Mtoto amelia mpaka akawa rangi ya zambarau. Kaluki akasema labda mkubwa wa reli yuko mkutanoni. Wakacheka, chai yangu midomoni mwao. Mdomo wa Kaluki huo, ushonwe.

Walipotoka Mueni akaniambia, Susu, amebaki mmoja.

Nikasema huyo hapana. Mtu hana baba, nimuweke kwa boma yangu?

Akamnyanyua mtoto wake akaingia ndani.

Jumatatu, Septemba 9

Nimesinzia mkekani baada ya chakula. Amekuja. Si Konza — hapa, Muthetheni, mlangoni kwangu. Kuni begani, mikono imeungua na moto. Mlango uko wazi lakini haingii. Amesimama tu, kama mtu amezoea kusimama nje. Nikamwambia, weka chini hizo, utachoka. Akaweka. Zilivyoanguka nikaamka.

Kilio.

Nimemwambia Mueni, mlete. Ameniangalia kwa woga, ati nitagomba. Nimempakata. Hana uzito kabisa! Mdomo wangu haujui hilo jina, nimelisema vile linatoka.

— Alibati. Alibati wa mama anayefua. Hapa ni kwako, ingia.

Kimya. Macho ya kijivu yamefunguka, yananitafuta. Mueni analia, mjinga huyu, sasa analia nini? Nikamwambia, na wewe pia, ingia vizuri, kaa hapa karibu na mimi, mpe.

Amempokea. Mtoto ameshika ziwa. Anavuta. Bado hajatema —