Firigisi ya Mheshimiwa

Malaba, Jumatano

Baba Wandera, wamemuua Wandera wetu.

Sijakusalimu, unisamehe. Hapo nyumbani Sio Port mko aje? Mgongo wako umepoa, na mama mkwe anakula? Mimi niko hapa hotelini kwangu, kina mama wa Malaba wamenikalia huku na huku, na kijana wetu amelala baridi hospitali ya Kocholia.

Unajua alivyokuwa mrefu. Hata madereva wa malori kutoka Mombasa waliniuliza, "Mama, huyu kweli ni wako?" Nikawaambia, mnafikiri nilimwazima?

Ilianza siku ile Mheshimiwa alikula kwangu. Nani mwingine Malaba hii amewahi kumpikia? Nilichinja jogoo, nikamwekea firigisi kama mkubwa wa nyumba. Akaikata, akampa Wandera nusu mbele ya watu: "Mimi na huyu ni baba na mwana." Sisi watu wa kwetu tunajua firigisi hupewa nani. Kutoka siku hiyo, ukimsema Mheshimiwa vibaya, Wandera anaona umemtukana mzazi wake. Wewe mwenyewe hakuwahi kukupigania hivyo.

Jumapili Barasa, rafiki yake yule aliyekuwa akila hapa na kuniita mama, akamtania: "Baba yako kura hii ataanguka mpaka meno yatoke." Barasa naye ana mheshimiwa wake. Wandera ndiye alipiga kwanza, sikufichi. Barasa akaokota spana ya lori. Pigo moja tu.

Jana Mheshimiwa alikuja matanga. Nilidhani atatuambia pole. Akavua koti lake, akamvisha Ouma, mdogo wake Wandera, akasema, "Damu ya mwanangu haitalala." Vijana wakalipuka kwa kelele. Leo Ouma ameshinda juani na koti hilo, ananoa panga. Polisi wanamtafuta Barasa, lakini Ouma anajua amejificha kwa shangazi yake kule Mundika. Nikamwambia, "Ouma, mimi ndiye nilikuzaa, weka hiyo panga chini."

Akanijibu na heshima yote, "Kwanza tuzike, Mama. Mheshimiwa amesema."

Mheshimiwa anataka kuhutubu kaburini. Baba Wandera, umkataze. Akifungua mdomo tu, wanatoka hapo moja kwa moja mpaka Mundika. Lakini najua picha yake iko ukutani kwako. Najua atakushika mkono, akuite mzee wangu, na wewe utampa kiti. Basi, mchimbe kaburi la Wandera karibu na la babu yake, na muache nafasi ya lingine kando.

Mama mkwe mwambieni polepole, akiwa ameshakula. Shemeji fundi wa mitumbwi namsalimia, atengeneze sanduku refu. La watu wa kawaida kijana wangu hatatoshea. Wifi muuza omena aweke dagaa za wageni.

Ni mimi mama wa watoto wako. Mheshimiwa ametoa malori yake, tunafika sote Jumamosi.