Daftari la Sababu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu wameacha kukohoa? Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine yasome ukiwa umekaa.

Unakumbuka nilivyojigamba kwamba nimewaunganisha wapangaji wa jengo zima? Ghorofa nne, lugha saba, watu waliopishana ngazini miaka sita bila hata salamu. Mwenye jengo alipotangaza kwamba analibomoa, niliwakusanya kwenye chumba cha kufulia. Tulikalia ndoo zilizopinduliwa, kila mtu na jirani wa kumtafsiria sikioni. Kabla ya ajenda yoyote, kila mmoja alieleza kwa nini amekuja, nami nikaandika kwenye daftari. Ulinicheka ukasema hicho si kikao cha wapangaji, ni cha wanaotafuta wachumba. Lakini walifunguka, Dada. Fundi cherehani alisema amechoka kula peke yake. Mlinzi aliogopa binti yake asije akahamishwa shule mara ya tatu. Mwokaji, ambaye hapatani na mtu, alikiri anataka tu msimamizi wa jengo amwombe radhi kwa matusi aliyomtolea mbele ya watu. Wote walisaini kwamba hahami mtu.

Mwezi uliopita wakaanza kupukutika. Msimamizi alipita mlango kwa mlango, na kila mlango alikuwa na jibu lake. Fundi cherehani alipewa chumba mlango wa tatu kutoka kwa binamu yake. Mlinzi alipewa nyumba mkabala na shule ileile. Mwokaji aliombwa radhi kwa barua yenye muhuri, akaondoka ameishika mkononi. Waliobaki wakaanza kutazamana kwa jicho baya, kila lugha ikidai msaliti yuko kwa wale wengine. Mwishowe wakamwangukia fundi bomba, kwa kuwa hakuna mwingine wa lugha yake. Walimzomea mpaka akahama bila kupewa chochote. Nilikuwepo. Sikufungua mdomo.

Dada, msaliti ni mimi. Alikuja bwana mmoja mpole, mtaalamu wa mambo ya jamii, akasema anachunguza kinachowafanya watu wasiofanana wasimame pamoja. Akaniita mwalimu. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kichwa kikavimba, nikamwachia daftari siku mbili. Na usinitetee kwamba sikujua. Kadi yake ilikuwa na jina la kampuni ya mwenye jengo. Niliisoma, nikaitia mfukoni. Katika vikao vyote vile hakuna aliyewahi kuniuliza sababu yangu mimi. Yeye aliniuliza. Naona aibu kuiandika, lakini sababu ya kumpa daftari ndiyo hiyo.

Msimamizi alifika kwetu pia. Alimtazama Mama, akatazama karatasi yake, akageuka akashuka ngazi. Sababu ya Mama niliiandika kwa mkono wangu: anakuja kumsikia mwanawe akizungumza.

Jana ilikuwa siku ya kikao. Tulikuwa wawili tu. Mama alikalia ndoo yake, akafunga khanga vizuri, akaniambia nianze.

Wanabomoa Ijumaa. Nakuomba umpokee Mama. Nimejaribu mara tatu kumwambia habari ya daftari nimeshindwa, kwa hiyo mwambie wewe, mimi nikiwa sipo.

Msalimie shemeji, na wapwa uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
aliyekuwa mwenyekiti