Siku Maitu Alipoazima Viti

Kianyaga, Kirinyaga

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa mlangoni na uji wako, si kitandani. Mgongo unaendeleaje? Mshai aliniambia kwamba siku hizi unainuka ukishika ukuta, nami nikakasirika kwa nini nisikie kwa mdogo wangu na si kwako wewe mwenyewe. Baba mdogo je, kifua kimempa nafasi? Na nyani, mwaka huu wamewaachia mahindi au wamevuna wao kwanza? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mlima imetukalia. Asubuhi ukifungua mdomo unaona moshi kama unavuta sigara, na wajukuu wako wanaamka kwa kuvutwa miguu.

Kwa simu hatuwezani, Mama. Wewe unasema haloo, mimi nasema haloo, mpaka salio linaisha na hakuna aliyesikia neno. Afadhali niandike, Mshai akusomee taratibu. Nataka kukueleza yaliyotupata sisi na maafisa wa serikali wanaoandikisha wazee wasiojiweza. Nasikia mwezi ujao wanafika Taita pia, na wewe nakujua ulivyo.

Mama mkwe wangu namwita Maitu, yaani mama, kama wanavyomwita watoto wake. Nimeshakusimulia habari zake, na mara nyingi nilikuwa nalalamika. Ni mwanamke mfupi, kitambaa kichwani hakitoki, na hajawahi kukubali mbele ya mtu kwamba kuna kitu kimekosekana kwake. Alichuma majani chai ya watu tangu usichana mpaka magoti yakakataa mteremko. Sasa amepita miaka sabini, ana presha, na anatakiwa ameze vidonge kila siku ya Mungu. Shamba letu ni kahawa kidogo tu. Ukipiga chafya upande huu, jirani wa upande ule anakuombea. Muriuki, mume wangu, yuko Mwea kwenye vibarua, anafukuza ndege kwenye mpunga wa wenyewe. Hurudi Jumamosi jioni sauti imekauka kwa kupiga kelele. Mimi bado namenya viazi katika hoteli ile ile ya mjini. Ndiyo maisha yetu, na sikuwa nimekueleza hivi wazi.

Serikali nayo haijakaa bure, nisije nikaisingizia. Waliwahi kutuletea vifaranga, vikaishia kwa baridi kabla havijajua kuparura. Wakaleta mbolea ya bei nafuu, na hiyo ilitusaidia kweli, kahawa ikarudi rangi ya kijani. Safari hii ulikuwa mpango wa wazee: mzee asiye na wa kumtegemea apewe kitu kidogo kila mwezi, na bima ya matibabu alipiwe. Chifu alitangaza kanisani baada ya ibada. Nilifurahi mpaka nikakanyaga mguu wa mtu. Unajua kwa nini? Wiki hiyo nilikuwa nimemkuta Maitu jikoni akikata kidonge cha presha kwa kisu. Nusu akameza, nusu akaifunga kwenye karatasi. Akaniambia ati daktari ndiye alisema. Hakuna daktari aliyesema hivyo, Mama. Vilikuwa vinaisha, naye hakutaka kumwambia mwanawe.

Tukaambiwa afisa atakuja Alhamisi, nyumba kwa nyumba. Niliomba ruhusa kazini nikarudi mapema, na nilipofungua mlango nikadhani nimepotea nyumba. Viti vya sofa vimejaa sebule, vimefunikwa vitambaa vya kufuma vyeupe pe. Mezani kuna thermosi kubwa ya maua. Kwenye kona, jiko la gesi, na juu ya kabati redio. Katikati amesimama Maitu, amevaa nguo yake ya kanisani, anapangusa vumbi ambalo halipo.

"Maitu, hii ni nini?"

"Ni viti. Hujawahi ona kiti wewe?"

"Viti ya nani? Wanakuja kuandika watu hawana kitu!"

"Wacha waandike. Lakini mgeni ya serikali hawezi kaa kwa jerikeni, ati aende akisema kwa kina Muriuki hakuna mahali ya kuweka kiuno."

Hapo ndipo penye shida, Mama. Kwa Wagikuyu mgeni hata akiwa amepotea njia atakalishwa kwenye kiti na kupewa chai ya maziwa. Mgeni aliyetangazwa na chifu kanisani, huyo Maitu alimchukua kama mkwe anayekuja kuona boma. Viti alikuwa ameazima kwa Wambui, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, na jiko la gesi kwa mke wa mwalimu. Redio ilikuwa ya Mzee Njogu. Walimbebea wenyewe, wakavisukuma kwenye toroli.

Sikupata nafasi ya kuvirudisha. Afisa alikuwa tayari anabisha hodi. Kumbe ni binti mdogo tu, umri wa Mshai, viatu vimejaa tope jekundu hadi kwenye vifundo. Alikuwa amepanda na kushuka vilima tangu asubuhi, na alipokalia kiti cha Wambui nilimsikia akishusha pumzi. Maitu akammiminia chai, akamwekea viazi vitamu. Yule binti akatoa kishikwambi chake akaanza kuuliza, akimwita Shosho, ndiyo bibi kwa watu wa huku.

"Shosho, mnapikia nini hapa?"

"Gesi iko hapo," Maitu akasema.

Hakudanganya, Mama. Gesi ilikuwepo pale.

"Na kuna mtoto anakusaidia?"

"Kijana yangu ako Mwea, kwa mchele."

Hilo nalo si uongo. Nikafungua mdomo, "Dada, hivi vitu..." Maitu akanigeukia kwa lile jicho lake. "Wakesho, enda uangalie maziwa isifurike." Maziwa yalikuwa ndani ya thermosi. Nilikwenda tu, nikasimama jikoni mbele ya mafiga baridi, nikitamani kupiga kelele kama Muriuki anavyowapigia ndege. Binti akanywa vikombe viwili, akashukuru, akasema tangu asubuhi hajapokewa vizuri namna hii. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wetu alikuja, akapona yeye.

Majina yaliposomwa kwenye baraza, la Maitu halikuwemo. Alipiga makofi kwa kila aliyesomwa, na njia nzima ya kurudi akazungumza habari za mvua. Vidonge akaendelea kuvikata, sasa kwa kujificha. Haikupita muda akaanguka kwenye kahawa. Tulimpeleka zahanati kwa bodaboda, mimi nimemshika kwa nyuma, na nesi alipompima akaniangalia mimi kama mwuaji. Presha ilikuwa imepanda vibaya sana. Niliogopa, Mama. Pamoja na ukali wake wote, huyu ndiye aliyenikanda mgongo nilipojifungua na wewe uko mbali.

Alipolala nikavuka mfereji mpaka kwa Wambui, nikamwambia viti vyake vitaniulia mama mkwe.

"Mimi nilijua," akasema. "Lakini utanyima aje kiti mtu hajawahi kukuomba kitu?"

"Basi mnisaidie sasa."

Chifu alikuwa ameitisha baraza la pili, la wenye malalamiko. Nilimwambia Maitu twende tukasikilize tu. Hapo nilimficha, na sijuti. Chifu alipouliza nani ana neno, Wambui akasimama, mikono imeshika shuka lake mabegani.

"Chifu, mimi niko na neno. Kwa nyumba ya Nyina wa Muriuki, ile viti mliona ni yangu."

Mke wa mwalimu akasimama nyuma yake. "Na gesi ni yangu. Thermosi pia."

"Redio ni yangu," akasema Mzee Njogu, "na haina betri."

Wakacheka, lakini si kicheko kibaya. Chifu naye akacheka kidogo, akamwita karani na kumwambia nyumba ile irudiwe. Mimi nilikuwa namtazama Maitu. Alikuwa ameinamia mikono yake, na kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Akainuka, akachukua mkongojo, akaondoka bila kumtazama mtu. Nilimfuata. Tulipofika kwenye njia ya kahawa akasimama.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

Nililia pale pale, kama mtoto. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba mimi sitaki kilio nyumbani kwangu. Siku zilizofuata alikataa chakula changu. Akajichemshia viazi vyake peke yake, akala akiwa amenipa mgongo. Muriuki alipofika Jumamosi akatukuta tumenuna kila mtu na kona yake. Nilipomweleza akasema ni yeye aliyepaswa kusema pale barazani.

Yule binti alirudi Jumapili alasiri. Sijui kama alilipwa kwa hiyo siku. Nilitaka kukimbia kwa Wambui nikaombe hata kiti kimoja tu, maana na mimi haya ilinishika, lakini Maitu akaniambia kaa. Akachukua jerikeni, akaigeuza, akaipangusa kwa leso yake, akamkalisha binti wa watu pale. Akampa uji katika kikombe chetu cha bati, akaketi kitandani na kumtazama usoni.

"Uliza."

"Mnapikia nini, Shosho?"

"Kuni. Ikikosekana hatupiki."

Akaulizwa choo, akajibu. Akaulizwa dawa, akatoa karatasi yenye nusu za vidonge akaimwaga kitandani, Muriuki akiona. Ndiyo mara ya kwanza aliziona. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kuna mtoto anakusaidia?"

Maitu akamwangalia mwanawe. Alimwangalia mpaka yule binti akainua kichwa kutoka kwenye kishikwambi.

"Niko na kijana mzuri," akasema. "Andika hiyo kwanza."

"Shosho, hapa hakuna mahali ya kuandika hivyo."

"Basi ujue wewe. Niko na kijana mzuri sana. Halafu uandike hana kitu."

Muriuki akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Bima ya Maitu sasa imekubali, Mama. Alikwenda kliniki akarudi na vidonge vya kutosha, na anavimeza vizima, mimi nikiwa nimesimama pale kama askari. Pesa yenyewe tunaambiwa iko njiani. Tunangoja, na tukingoja tunalima. Haitatutoa kwenye umaskini, sidhani, lakini itamwondolea kisu jikoni. Na ananisemesha tena. Jana alinigombeza kwa ajili ya mboga, nikajua tumepatana.

Sasa wewe. Mshai amenong'ona kwamba umeanza kupaka nyumba udongo mpya, na umeagiza vikombe vya shangazi. Paka udongo, Mama, nyumba ni yako. Vikombe mrudishie. Wakija, wakalishe unapokaa wewe, na uwape unachokula wewe.

Lakini si vikombe vilivyonifanya niandike. Watakuuliza kama una mtoto anayekutunza. Jibu lako nalijua, maana unalitoa kanisani na sokoni: Wakesho wangu ameolewa kwenye majani chai, haniachi hivi hivi. Mimi najua na wewe unajua kwamba sijakutumia kitu tangu mtoto wa pili azaliwe. Unasema hivyo ili watu wasinidharau. Na mimi nimekuacha useme, kwa sababu ni tamu kuwa mtoto wa namna hiyo, hata kama ni kwa maneno tu. Mgongo wako unahitaji daktari. Jina langu lisikukoseshe daktari. Wakiuliza, sema una binti, anakupenda, na hana kitu. Ningesema haitaniuma, lakini ningekuwa nadanganya. Itaniuma. Wewe sema tu.

Nisalimie Baba mdogo, na umwambie sigara aziachie wenye mapafu. Shangazi mwenye vikombe mpe pole yangu. Kaka Mwakio na mkewe wabusu kitoto chao shavuni kwa niaba yangu. Maitu anakusalimu, anasema mama aliyezaa mtoto mkaidi namna hii lazima ni mtu wa maana. Muriuki na watoto wanakuamkia, shikamoo.

Na wewe Mshai unayesoma, nakujua. Ule mstari wa kusema sina kitu umeuruka, kwa kumhurumia mama na kunihurumia mimi. Rudi juu, mdogo wangu. Msomee.

Mimi binti yako,
Wakesho